Kisanduku cha Jina Moja

Mikumi, Jumapili jioni

Damari mwanangu,

Sikuulizi kama hujambo, maana nakusikia hapo uani unagombana na zipu ya begi. Nilikwambia begi lile halifai, ukaniambia mama humu ndani mimi ndiye ninayesafiri. Haya, safiri nalo. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango mara mbili na kutompa mtu simu yako kituoni, baba yako ameshakuandikia orodha ya kurasa mbili na akakusomea kwa sauti mbele ya majirani, kwa hiyo hayo mimi nayaacha. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa kooni miaka mingi, na najijua, nikijaribu kulisema kwa mdomo nitaishia kukugombeza juu ya zipu.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Dar es Salaam kuanza kazi wizarani. Umenieleza kazi yenyewe mara nne, na mara zote nne umetumia neno "kusafisha." Zile orodha za mashamba ya vijijini zilizokusanywa na miradi mbalimbali, kila mradi na mtindo wake, mtaziunganisha ziwe kwenye mfumo mmoja wa taifa, na kabla ya kuziunganisha mtazisafisha. Unalisema neno hilo kwa raha zako, na kila ukilisema mimi natamani kukurushia mwiko. Wewe unadhani ni hasira zangu za kawaida, kwamba mama hapendi mambo ya kisasa. Mimi, Damari! Mimi niliyeanza kugusa kompyuta wewe bado unakariri jedwali la kuzidisha!

Ni kweli vitu hivi vinanipandisha presha. Lakini hebu kaa nyuma ya kaunta yangu pale barabarani wiki moja, kwenye ile mashine ya kutoa kopi inayokula karatasi, ndipo useme. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja mfugaji kutoka Tindiga. Alikuwa ameshapanda magari mawili. Ofisi ya wilaya walimwambia fomu hazitolewi tena pale, siku hizi ziko kwenye mtandao, na kijana aliyemwambia hivyo hakuinua hata uso kumpa shikamoo. Umeme ulikuwa umekatika. Tukakaa pale mimi na yule mzee tukiangaliana mpaka saa tisa alasiri. Umeme uliporudi nikaitafuta fomu, nikaichapa, nikaijaza kwa kalamu kwa niaba yake, akaibeba kuirudisha kulekule kwa gari, na huko najua karani aliichukua akaiandika upya kwenye kompyuta. Jioni ileile redio inasema taifa limepiga hatua kubwa katika TEHAMA. Nilimwambia baba yako azime.

Kwenye fomu hiyo kuna kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa. Mzee akanieleza vizuri kabisa: alizaliwa msimu ule mto ulipohama, mama yake akiwa amebaki na ndama wadogo wakati wanaume wako mbali na ng'ombe. Nilisikiliza, nikatikisa kichwa, nikaandika tarehe mosi Januari. Ndivyo ninavyowaandikia wazee wote. Ukikutana huko na umati wa wazee waliozaliwa siku moja, usishangae, ni mimi na wenzangu wa barabarani. Yule mzee alinishukuru sana, akaniombea na baraka. Nikaona aibu, lakini si kwa sababu yake peke yake.

Sasa nisikilize, na usiruke ukurasa.

Wewe ulikuwa darasa la nne mradi ule ulipokuja Kilosa mjini. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kinabinafsishwa na kila mtu anapunguzwa kazi. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamelala, baba yako alikuwa ametoka kiwandani na barua ya asante, na mimi nilikuwa nachapa barua za kanisa kwa taipureta iliyokosa herufi ya "r." Ndipo wakaja wafadhili na nyumba ya kupanga, gari jeupe na kompyuta mbili. Kazi yao ilikuwa kuhamisha madaftari ya mashamba ya vijiji yaingie kwenye kompyuta, ili, walisema, mkulima awe na karatasi inayotambulika na benki imheshimu. Wakatangaza semina kwa wanaojua kuchapa. Tulikwenda watu thelathini.

Semina ilichukua siku tatu. Kompyuta zilikuwa mbili, na hizo mbili hazikutolewa chumbani kwa Mratibu wa mradi, kwa sababu aliogopa vumbi. Kwa hiyo mwezeshaji alituchorea kibodi kwenye karatasi ya manila, kila mtu na yake, tukakaa tunabonyeza karatasi. Watu wazima thelathini, Damari, wanabonyeza karatasi na kusema kwa pamoja "enta." Siku ya tatu tukaruhusiwa kuingia chumbani, tumevua viatu mlangoni, tukaona kompyuta yenyewe imefunikwa kitambaa cha kudarizi cha mke wa Mratibu. Tuliruhusiwa kuiangalia. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nabonyeza karatasi bila kutazama chini.

Umekulia chini ya kile cheti cha semina kilichoko ukutani dukani, umekipangusa vumbi kila Jumamosi, na najua ulivyokuwa ukiwaambia wenzako kwamba mama yako ndiye mwanamke wa kwanza huku kuendesha kompyuta. Sijawahi kukukanya. Nilipenda kusikia. Kichwa kilinivimba kweli siku zile. Nilikuwa nashuka mtaani na funguo za kile chumba mkononi, nazibeba zionekane, na watu waliokuwa wananiita Mama Damari wakaanza kuniita Mama Kompyuta.

Madaftari yenyewe uyaelewe, maana huko uendako hutayaona. Yalikuwa madaftari makubwa ya mistari, kila kijiji na lake, yameandikwa na makatibu watatu au wanne tofauti kwa miaka mingi. Katikati ya ukurasa ndipo lilipokuwa jina la mtu na mipaka: kutoka mkuyu mpaka mfereji, kutoka mfereji mpaka kwa fulani. Na pembeni kabisa, kwa penseli, ndipo yalipokuwa mambo yote. "Ameazimwa na mjomba wake." "Anatunza tu, mwenyewe yuko Kidodi kwenye miwa." "La ukoo wa mke, mume analima." Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa nyingi kuliko zote kwa vijiji vyetu vya milimani. Wewe umekulia Mikumi kwenye lami, kwa hiyo nikukumbushe: kwetu ardhi inafuata tumbo. Shamba ni la mama, halafu la mabinti zake na ukoo wao. Mwanamume akioa anakuja kulima kwa mkewe, anaheshimiwa, anakula, anazeeka hapo, lakini shamba si lake, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kukwambia. Hata hivyo siku ya mkutano wa kijiji ni yeye anayekwenda kuketi na kuandikisha, kwa sababu mwanamke ana sufuria motoni. Katibu anaandika jina la aliyekuja, halafu anaandika ukweli pembeni kwa penseli. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, kila mtu akisoma ukurasa wote.

Kwenye kompyuta ukurasa haukuwa na pembeni. Kulikuwa na kisanduku kimeandikwa "Mmiliki," na kinapokea jina moja.

Usidhani sikuuliza. Nilimfuata Mratibu siku ya pili.

"Bwana Mratibu," nikamwambia, "hapa pembeni kuna maneno."

"Maneno gani?"

"Kwamba shamba ni la ukoo wa mke. Huyu aliyeandikwa analima tu."

"Huo ukoo una sahihi?"

"Hauna."

"Una tarehe ya kuzaliwa?"

"Hauna, Bwana Mratibu."

"Basi ukoo si mtu. Mashine inataka mtu. Andika anayelima, Mama Damari, twende, Kilombero wametuacha mbali."

Alikuwa na chati ukutani. Kila Ijumaa alichora mstari mwekundu kuonyesha tumeingiza mashamba mangapi na wenzetu wa wilaya nyingine wameingiza mangapi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama yaliyoingizwa ni ya kweli. Na nyie huko, mwanangu, mtakuwa na chati. Itakuwa na rangi nzuri zaidi.

Nilijaribu njia nyingine. Nikaandika jina la mwanamke kwenye kile kisanduku. Hapo mashine ikafungua ukurasa mwingine kabisa: Ameolewa? Jina la mume? Namba ya cheti cha ndoa? Ukiacha namba wazi inapiga mlio na kukataa kuhifadhi. Nani kule milimani ana cheti cha ndoa? Vimeliwa na mchwa, viko kanisani, viko kwa marehemu. Lakini ukiandika jina la mwanamume haiulizi chochote, inahifadhi, inakuletea mstari mpya. Nilijaribu mara tatu au nne, ikanipigia mlio, na Mratibu akachungulia mlangoni kuuliza kama nimeivunja. Basi nikawa naandika wanaume. Siku ya kwanza moyo uliniuma. Kufika wiki ya pili nilikuwa sisomi tena pembeni.

Nikawa nimelifikia daftari la Masanze.

Unajua Masanze ni kwetu. Mama yangu, bibi yako, alitujengea jina pale kwa bonde lake la mpunga na kipande cha mlimani. Alipofariki, mimi nilikuwa nimeshaolewa na kuondoka, kaka yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki, akabaki dada yangu Keziya, mama yako mkubwa, na mumewe Yona. Nilifungua ukurasa nikaukuta mstari. Katikati: Yona Mathayo, bonde na mlima. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa yule katibu wa zamani mwenye herufi za kulala: "La mama yao Keziya na Foibe. Yona yuko kwa mkewe."

Foibe ni mimi. Jina langu mwenyewe lilikuwa pale pembeni, Damari. Nililisoma. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, chati inangoja, na nje walikuwa wameshawasha gari jeupe. Nikaandika Yona Mathayo, nikabonyeza enta. Sikuandika kwa sababu nilichoka, ingawa nilichoka. Niliandika kwa sababu niliona haya kumwita yule bwana tena na kumwambia, hili ni letu, hili nalijua, ngoja. Nilitaka anione mtu wa kisasa, mtu asiye na porojo za ukoo.

Ningeweza kuishia hapo, nikakwambia mfumo ulikuwa mbaya na mimi nilikuwa karani tu. Ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu. Lakini kuna kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata baba yako. Wiki ya mwisho ya mradi, kwa bahati mbaya, kidole kiliteleza nikajaza sifuri tupu kwenye ile namba ya cheti cha ndoa. Mashine ikakubali. Haikupiga hata mlio. Wanawake wote wale wangeingia kwa sifuri saba! Nilikaa nikaitazama ile skrini. Nilikuwa na siku nne. Madaftari yalikuwa bado mezani. Ningeweza kurudi nyuma, nikaanza hata na Masanze peke yake. Ila kurudi nyuma maana yake ni kumwambia Mratibu kwamba mstari wake mwekundu umejaa makosa, na alikuwa ameshaniahidi barua nzuri ya kunipeleka kazi nyingine. Sikurudi. Barua nilipewa, nayo haikunisaidia kitu.

Mradi ukaondoka na gari lake. Kumbukumbu zikapelekwa juu. Madaftari yakafungiwa stoo, na mto ulipofurika mjini maji yakaingia stoo, karatasi zikaoza zote, za wino na za penseli. Kwa hiyo pembeni yote ya Masanze iliyobaki duniani iko kichwani mwangu. Fikiria mwenyewe jinsi mtu anavyotembea na kitu hicho akienda kununua nyanya.

Yaliyofuata unayajua, ila unayajua vibaya, na hilo ni kosa langu jingine. Baba yako mkubwa Yona alipofariki wewe ulikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini wakaja ndugu zake kutoka Kidodi na karatasi iliyochapwa na mradi, waliyoikuta kwenye vitu vyake wakati wa msiba. Mmiliki, Yona Mathayo. Wakasema shamba la ndugu yetu ni letu. Mama mkubwa akaenda ofisi hii na ile, kila mahali wakamwuliza, una karatasi? Hana. Wao wanayo. Bonde likaenda, wakalikodisha kwa watu, yeye akabaki na kile kipande cha mlimani chenye mawe ambacho hawakukitaka. Msimu wa kupandikiza anashuka kufanya kibarua kwenye bonde la mama yake mzazi.

Wewe ukaja na hitimisho lako. Nakumbuka siku hiyo vizuri. Nilikuwa nasonga ugali, wewe umeegemea mlango na sare ya shule, umevimba kwa hasira, ukasema mwenyekiti wa kijiji amekula rushwa kwa wale wa Kidodi. Ukasema, "Mama, haya mambo ya madaftari ndiyo yanaleta dhuluma. Ingekuwa kwenye kompyuta, Mama mkubwa asingeonewa. Kompyuta haipokei rushwa."

Mimi nikageuza ugali.

Ulisema pale pale kwamba utasomea kompyuta. Na ukasoma kweli, kwa mkopo, kwa kulala njaa, kwa kusoma vitabu vya kopi nilivyokutolea dukani. Kila ulipofaulu nilifurahi, halafu usiku ule ule nikachukia furaha yangu. Yule mwenyekiti masikini amekufa hujawahi kumsalimia vizuri. Mara mbili ulimpita njiani kule Masanze bila shikamoo, nami nilikuwa pembeni yako, nikajitia naangalia mfuko wangu. Hakupokea chochote kwa mtu. Aliyelitoa lile bonde ni mimi, kwa kidole hiki, bure, bila hata soda.

Sasa utaniuliza kwa nini leo. Ni lile neno lako la kusafisha. Uliponiambia mtaondoa mistari yenye mapungufu, yenye sifuri, yenye wamiliki wawili, mbaki na ile "iliyokaa vizuri," niliona kwamba uongo wangu ndio uliokaa vizuri kuliko yote. Ule hauna doa. Jina moja, shamba moja, hakuna kisanduku kitupu. Nyie mtautazama mtaona ni mstari wa mfano. Siwezi kukuacha uende ukautie muhuri wa taifa kwa mikono yako huku unaamini unamlipia kisasi Mama yako mkubwa.

Alhamisi, nilipowaambia nakwenda Kilosa kununua wino wa mashine, nilikwenda Masanze. Nilimkuta dada amekaa anapeta mchele wa watu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikaanza kuzunguka na habari za afya na za safari yako. Akaniacha nizunguke weee, halafu akaweka ungo chini.

"Foibe, umekuja kusema au umekuja kukaa?"

Nikasema. Nilimwambia yote, kisanduku, mlio, sifuri, Ijumaa. Nilitegemea alie au anifukuze. Aliokota chuya mbili tatu akazitupa.

"Nilijua," akasema. "Ile karatasi chini kabisa imeandikwa nani kaiingiza. Yona alinisomea siku ileile ilipoletwa. Alitaka apande gari asubuhi aende Kilosa wakairekebishe. Alisema, hii inanifanya mwizi kwenye nyumba ya mke wangu."

"Kwa nini hakuja?"

"Nilimkataza. Nikamwambia ukienda watamfukuza kazi mdogo wangu, na mumewe hana kazi, na mtoto anasoma. Acha, atakuja mwenyewe kurekebisha." Akachukua ungo wake tena. "Nikangoja. Nilidhani utakuja Yona akiugua. Kwenye msiba ukaja, nikasema leo. Ukaja na sukari kilo tano."

Damari, sijawahi kupigwa na mtu nikiwa mtu mzima, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Nilimwuliza kwa nini hakunisema hata siku moja, mbele ya watu, miaka yote hii. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. Akasema, "Ningekusema ungeomba radhi kwa sababu umesemwa." Halafu akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema, "Mtoto aende kazini na lake, asiende na lako." Kisha akanipa mchele kidogo nikuletee, ndio ule ulioula jana ukasema ni mtamu.

Nilipotoka kwake nilipitia baraza la ardhi. Wameniambia kumbukumbu ya namna ile inaweza kurekebishwa, ila aliyeiingiza aje mwenyewe, aape, aeleze alichokiona kwenye daftari, na wale wa Kidodi wawepo wamwulize maswali. Wataniuliza sana. Wataniuliza kwa nini jina langu lilikuwa pembeni na nikaliacha, na kama si kwamba sasa nataka shamba la urithi. Wataniita mwongo wa zamani au mwongo wa leo, wachague. Nimepangiwa Jumanne ijayo. Baba yako nitamwambia kesho ukishaondoka, na cheti nimeshakitoa ukutani, kwa hiyo ukipita dukani asubuhi usiniulize.

Nakuja kwenye jambo lenyewe, lililonifanya nichukue karatasi. Nakujua. Nimekuzaa. Ukishamaliza kusoma hapa, kichwa chako kitakuwa kimeshafika wizarani. Utakaa kwenye mashine yako siku ya kwanza ya wewe kupewa ruhusa, utaandika Masanze, utaandika Yona Mathayo, na mstari utatokea. Utafuta jina moja, utaandika lingine, dakika haitaisha. Nani atajua?

Usiguse!

Nasema kwa ukali na sitalegeza. Kwanza wale wa Kidodi watasema binti ya Foibe yuko wizarani amegeuza maandishi, na watakuwa wamesema kweli, na dada yangu atanyang'anywa mara ya pili, safari hii na wewe kazi ukiikosa. Pili, mimi nilibadilisha shamba la watu nikiwa peke yangu chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu nilikuwa na funguo. Sitaki wewe ujifunze hivyo kwangu, hata kwa jambo zuri. Acha niulizwe. Nimekwepa maswali miaka kumi na mbili na nimechoka na nafsi yangu.

Ila liko unaloweza kufanya ukiwa umekaa na hao wakubwa zako. Waulize pembeni iko wapi. Waulize hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha kawaida: mtu akiwa na maneno ya kusema juu ya shamba hili, anayasema kisanduku gani? Watakucheka. Watakwambia mfumo hauwezi. Mimi niliambiwa hivyo nikanyamaza siku ya pili. Wewe uliza siku ya pili, na ya kumi, mpaka wakuone kero. Kuwa kero unaweza, nimekulea nikijua hilo kuliko mtu yeyote.

Na karatasi ya pili humu ndani ya bahasha ina majina kumi na saba ya wanawake wa vijiji vile ambao bado nawakumbuka, na pembeni ya kila mmoja nimeandika nilichokisoma kwenye daftari. Nakala nyingine nimeipeleka baraza. Yako ni ya kusoma tu. Nataka ukiona mistari elfu imepangana vizuri kwenye skrini yako, ujue angalau kumi na saba kati yake ina watu waliobaki nje.

Najua utakasirika. Kasirika ukiwa ndani ya basi, una saa nyingi. Sitakuomba radhi kwa barua, maana barua haiwezi kukatwa jicho, na wewe una haki ya kunikata jicho uso kwa uso. Utakaporudi Pasaka nitakuwa hapahapa. Nilikunyima ukweli nikakuacha ukajenga maisha yako juu ya kitu ambacho hakikuwepo, na jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba umejenga vizuri.

Ukishuka Dar usinipigie mimi kwanza. Namba ya duka la jirani yake Mama mkubwa unayo, piga, wamwite, ngoja kwenye simu hata kama vocha inaisha, maana anatembea polepole siku hizi. Mwamkie. Halafu mwambie mama amesema.

Mama yako,
Foibe